Bega la Shangazi na Neno "Juzi"

Watu wakijua kwamba naishi kwa kutafsiri, huuliza ni maandishi gani yaliyowahi kunitoa jasho. Wanategemea nitaje utenzi fulani wa zamani au riwaya nene. Huwa nawavunja moyo. Maandishi yaliyonitoa jasho kuliko yote ni kurasa tatu na nusu alizosimulia shangazi yangu kuhusu bega lake la kushoto, zikapelekwa mahakamani Washington, na neno lililonikaba humo lina herufi nne tu: juzi.

Shangazi ni mtu wa Tanga. Amekaa Columbus, Ohio, miaka mingi, na kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwainua kwenye viti vya magurudumu. Kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, mwajiri anataka kila mfanyakazi awe amechanjwa dhidi ya mafua. Shangazi hana neno na hilo. Amezaliwa wakati watu wanaijua ndui kwa macho, na kovu la chanjo alilonalo mkononi huliita "pasipoti yangu ya kwanza". Jumanne tarehe 15 Oktoba 2019 akapita kwenye duka la dawa lililomo ndani ya supamaketi, akakaa kitini, akakunja mkono wa blauzi. Kijana aliyemdunga alikuwa amesimama, na foleni nyuma ilikuwa ndefu. Sindano ikaingia juu mno, karibu na ncha ya bega.

Nieleze kidogo hapa, maana wengi hudhani bega kuuma baada ya sindano ni jambo la siku mbili. Kwa kawaida ndivyo. Sindano ya namna hii inatakiwa iingie kwenye nyama ya msuli, vidole viwili au vitatu chini ya ule mfupa wa ncha ya bega. Ikipanda juu kuliko hapo, dawa inaweza kuishia kwenye kifuko chembamba chenye majimaji, kile kinachozifanya kano za bega ziteleze bila kusuguana na mfupa. Chanjo kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili. Ukiiamsha ndani ya kifuko hicho, unakuwa umewasha moto kwenye chumba kisicho na dirisha. Mwaka 2010 madaktari waliokuwa wakipitia madai ya fidia huko Marekani walichapisha maelezo ya watu 13 waliopata tatizo hili, wakalipa jina refu ambalo kwa ufupisho wa Kiingereza husomeka SIRVA. Mwaka 2017 serikali ikaliingiza rasmi katika jedwali la madhara yanayolipiwa fidia.

Ndiyo, Marekani ina mahakama ya mambo haya. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Sheria yake ni ya 1986, wakati kampuni za kutengeneza chanjo zilikuwa zinashitakiwa kila kukicha, nyingine zikiacha biashara, na watu wakihofu kwamba watoto watakosa chanjo kabisa. Bunge likatengeneza njia ya pembeni, ikaanza kufanya kazi 1988: kila dozi inakatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaokinga, fedha zinaingia mfuko maalumu, na aliyeumia analipwa kutoka mfuko huo bila kulazimika kuthibitisha kwamba fulani alizembea. Madai husikilizwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho na maofisa wanane ambao nitawaita majaji maalumu. Wakili hamlipishi mdai hata senti. Mahakama ndiyo inayoagiza alipwe, na mara nyingi hulipwa hata mdai akishindwa, mradi dai lilikuwa la kweli na lenye msingi.

Hilo la wakili kutolipwa shangazi alilikataa katakata. "Wakili wa bure? Mwanangu, hata maji ya bomba yana bili."

Lakini kilichomzuia hasa kilikuwa kingine. Kwanza, alidhani yule kijana aliyemdunga atafukuzwa kazi. "Mtoto wa watu yule, ana kidevu hakijaota hata ndevu. Nimwondolee riziki kwa ajili ya bega?" Wakili akamweleza kwamba kijana hatatajwa kama mshitakiwa, wala duka. Anayeshitakiwa, kwa utaratibu wa sheria ile, ni Waziri wa Afya na Huduma za Binadamu wa Marekani. Hapo nikawa nimeharibu zaidi kwa kutafsiri vizuri. Shangazi alinyamaza, akaniangalia. "Waziri? Mimi, na kadi yangu ya ukaazi, nimshitaki waziri?" Ilichukua wiki mbili na simu kadhaa kwenda Tanga kwa mama mdogo ili akubali kwamba waziri huyo hushitakiwa kila siku na wala hana habari.

Mwaka 2020 ndio ulitusukuma. Mwezi Julai serikali ilitoa pendekezo la kuliondoa tatizo la bega kwenye jedwali. Kwa kawaida mdai ana miezi 36 tangu dalili ya kwanza, kwa hiyo shangazi alikuwa na muda hadi Oktoba 2022. Lakini likiondolewa kwenye jedwali, mzigo wa ushahidi unakuwa mzito zaidi. Ofisi za mawakili zikawa kama kituo cha daladala saa kumi na moja jioni. Kanuni ya kuliondoa ilipitishwa Januari 2021, ikafutwa Aprili mwaka huo huo kabla haijaanza kutumika. Dai la shangazi liliingia mahakamani Januari, kwa ada ya dola 402. Sasa bega limo kwenye jedwali kama mwanzo, na zile mbio zote zinaonekana kichekesho. Wakati ule hatukucheka.

Jedwali lina masharti yake. Bega liwe halikuwa na maumivu kabla ya sindano. Maumivu yaanze ndani ya saa 48. Maumivu na kukakamaa viwe kwenye bega lililochomwa tu. Pasiwe na ugonjwa mwingine unaoweza kueleza hali hiyo. Juu ya hayo, madhara yadumu zaidi ya miezi sita. Na sheria inasema jaji hawezi kumpa mtu ushindi kwa maneno yake matupu. Lazima yaungwe mkono na kumbukumbu za hospitali au maoni ya daktari.

Haya, tusome kumbukumbu za hospitali.

Shangazi alikwenda kliniki tarehe 19 Novemba, wiki tano kamili baada ya sindano. Mbona wiki tano? Wakili aliuliza hivyo, serikali ikauliza hivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba mwenye duka la dawa alimwambia itapoa, wenzake kazini walimwambia itapoa, na yeye alikuwa akimeza vidonge na kumwomba Mungu ipoe. Kliniki hawakuwa na mtu wa Kiswahili, wakampigia mkalimani wa simu. Shangazi anasema alikuwa mtu wa Kongo kwa lafudhi yake, mpole, "Kiswahili chake kitamu lakini si changu". Shangazi akasema maneno ambayo amekuwa akiyarudia vile vile tangu siku hiyo, kwangu, kwa wakili, kwa yeyote:

"Mkono huu unaniuma tangu juzi nilipochomwa sindano."

Daktari aliandika mambo matatu, kila moja kwenye mstari wake. Kwamba mgonjwa anaumwa kiganja cha kushoto. Kwamba maumivu yameanza siku mbili zilizopita. Na chini kabisa, kwenye orodha ya chanjo, kwamba amepata chanjo ya mafua.

Mnaosoma ukurasa huu mnapenda lugha, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mkono wetu unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Kiingereza kina mikono miwili pale tulipo na mmoja: ule wa juu na ule wa kushikia kikombe. Mkalimani analazimika kuchagua katika nusu sekunde, na mgonjwa hayuko mbele yake amwone anashika wapi. Sisi kwetu mkono ni hata wa blauzi, ni hata ndizi, mkono wa tembo. Ukiunga mtu mkono hujamgusa. Neno lenye kazi nyingi hivi likivuka mpaka linakaguliwa na kuachiwa kazi moja tu, na hiyo moja wanachagua wao.

Kuna ubaya wa pili. Serikali ilipochimba kumbukumbu za zamani ilikuta ya 2016: shangazi aliteleza kwenye barafu, akaenda hospitali akasema mkono unamuuma. Safari ile mkalimani alichagua ule wa juu. Kwa hiyo katika karatasi bega la kushoto lilipochomwa sindano mtu alikuta kiganja, na kifundo cha mkono kilipoteguka kwenye barafu mtu alikuta kitu kilicho jirani na bega. Lile la 2016 lilikwisha haraka, maana picha ya eksirei iliyopigwa siku hiyo ilikuwa ya kifundo cha mkono. Shangazi alisema mashine ya eksirei ndiyo mkalimani pekee aliyemwelewa.

Sasa juzi. Mtu wa pwani akisema juzi, anaweza kuwa amekusudia siku iliyotangulia jana, kama kamusi inavyotaka. Anaweza pia kuwa amekusudia wiki iliyopita, au mwezi, au zaidi. Mtoto wa juzi ana ndevu na anagombea ubunge. "Amehamia juzi tu" husemwa juu ya mtu mwenye miaka kumi mtaani, kama msemaji ana thelathini. Juzi haipimwi kwa kalenda, inapimwa kwa jinsi jambo lilivyo bichi kwa anayelisema. Na kwa shangazi, tarehe 19 Novemba, sindano ile ilikuwa mbichi kabisa.

Mkalimani hakusema uongo. Juzi ni siku mbili zilizopita. Mwanafunzi wa darasa la tatu angepata vema kwa jibu hilo. Lakini hesabu ya mahakama ikawa hivi: chanjo 15 Oktoba, maumivu 17 Novemba. Siku 33. Jedwali linataka saa 48. Ripoti ya mawakili wa serikali ililiweka hilo aya ya kwanza, kwa adabu, bila hata neno la kejeli. Sikuwalaumu. Nikiwa na karatasi ile peke yake ningeandika hivyo hivyo.

Kilichoniuma mimi kama mtafsiri ni silabi moja. Irudie sentensi yake: tangu juzi nili-*po*-chomwa sindano. Hiyo *po* ndiyo kesi nzima. Hiyo *po* inaifunga juzi kwenye sindano kama mbuzi kwenye mti. Haiwezi kwenda kuzurura tarehe 17 Novemba. Shangazi hakusema maumivu yameanza lini kwa kalenda. Alisema yameanza sindano ilipoingia, na kwamba sindano iliingia juzi. Katika simu ile ya mkalimani, ikikatwa vipande vifupi vifupi daktari apate kuchapa, sentensi ilipasuliwa sehemu tatu, na *po* ikadondoka sakafuni.

Wakati wa kuandika hati ya kiapo tulikaa jikoni kwake Jumamosi mbili. Mimi nauliza, yeye anasema, naandika Kiswahili chake kilivyo, halafu natafsiri, halafu nasaini karatasi kwamba najua lugha zote mbili na sikuongeza wala kupunguza. Hayo maneno ya kutoongeza wala kupunguza ni mepesi kuyasaini ukiwa unatafsiri riwaya. Hapa shangazi akasema tena, "tangu juzi ile nilipochomwa", ni 2020, yaani juzi imeshafika mwaka mzima, na mimi nimeshika kalamu. Nikiandika "siku mbili zilizopita" nimemwangusha. Nikiandika "tangu tarehe 15 Oktoba 2019" nimemsaidia, lakini hakusema hivyo. Nilimgeukia.

"Shangazi, juzi ipi?"

"Unaniuliza wewe? Ile ya sindano."

"Tarehe?"

"Tarehe wanayo wao kwenye kompyuta yao. Mimi niliumia."

Nikaliacha *juzi* kwa herufi za mlazo, kama lilivyo, nikaandika maelezo chini ya ukurasa. Baadaye, 2022, ripoti ya serikali ilipofika, wakili aliniomba nitoe tamko langu mwenyewe kueleza neno hilo linavyotumika. Nilieleza matumizi, nikatoa mifano. Sikusema shangazi alikusudia nini siku ile kliniki. Sikuwepo, na kumsemea mtu si kazi ya mtafsiri, hata kama mtu huyo amekulea.

Kulikuwa na mengine ya kutafsiri. Saa, kwa mfano. Alichomwa saa nane mchana na bega likaanza saa mbili usiku, na kila saa ilibidi iongezewe au ipunguziwe sita, na wakili akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Alikuwa anafanya nini saa mbili usiku? Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Jaribu kumweleza wakili wa Ohio kwamba mteja wake alikuwa amekalia mbuzi. Mkono wa kushoto ulikuwa unasaidia kuzungusha kifuu, ukakataa. Wali wa siku hiyo ulipikwa bila tui.

Halafu maumivu yenyewe. Bega lilikuwa linakeketa usiku, linapwita akilalia upande ule, linachoma akivaa sidiria, na akinyoosha mkono kwenye kabati linavuta mpaka shingoni. Kiingereza changu kilijaribu. Lakini katika kumbukumbu za kliniki yote hayo yalikuwa tarakimu moja: 4. Walikuwa wamemuuliza, kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu ni mangapi. Yeye akauliza, "Kuzaa ni ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Akaweka kuzaa kumi, kufiwa hakukuwemo kwenye kipimo, bega likapata nne. Kiasi cha fidia ya maumivu, ambacho kisheria hakivuki dola 250,000, hukadiriwa pamoja na mengine kwa tarakimu kama hizo. Kuna watu huko nje wenye tisa ambao sidhani kama wangemaliza zamu moja ya shangazi.

Na kila ziara ilianza na "Habari ya leo?", naye kila ziara alijibu salama, alhamdulillahi. Kila ziara ikaandikwa kwamba mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Sijambo zetu zimejaa katika faili lile, na ukizisoma mfululizo unaweza kuapa kwamba huyu mama alikuwa anakwenda hospitali kusalimia.

Aliyetuokoa kwenye suala la kiganja ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Desemba 2019 simu ya mkalimani ilikatika katikati ya mazungumzo, na yule bibi hakujisumbua kuipiga tena. Akasema kwa ishara: nionyeshe. Shangazi akasimama, akaelekea upande anaoujua yeye, akanyanyua mikono kama anayefunga sala kwa takbira. Wa kulia ukafika sikioni. Wa kushoto ukaishia kifuani, ukatetemeka, ukashuka. Yule bibi akachukua kipima-pembe chake, akapima, akaandika nyuzi, akaandika "bega la kushoto", na akaongeza kwamba mgonjwa hawezi kunyanyua mikono kwa ajili ya sala. Karatasi hiyo ina tarehe, ina saini, na ndani yake hakuna neno hata moja alilosema shangazi.

Mazoezi yalikatika Machi 2020 kila kitu kilipofungwa kwa ajili ya korona, akarudi Julai, Agosti akapigwa kipimo cha MRI, kikaonyesha uvimbe kwenye kile kifuko. Miezi sita ilikuwa imetimia katikati ya kufungwa, mwezi Aprili, lakini Julai bega lilikuwa pale pale, kwa hiyo hapo hapakuwa na ubishi mkubwa.

Kwenye suala la juzi sheria yenyewe ina mlango mdogo. Inamruhusu jaji kuamua kwamba dalili ilianza ndani ya muda hata kama haikuandikwa, au iliandikwa vibaya. Lakini lazima kuwe na kitu cha kumfikisha hapo. Wakili akauliza kama kuna ujumbe wowote wa siku zile: simu, barua pepe, chochote. Shangazi akasema yeye haandiki ujumbe, vidole vizito. Anatuma sauti.

Tuliukuta kwenye simu ya mama mdogo, Tanga, ambaye kwa bahati njema hajafuta kitu maishani mwake. Ni wa tarehe 16 Oktoba 2019, alfajiri ya Columbus, kabla ya zamu. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Dakika ya kwanza ni salamu. Ya pili ni harusi ya binti wa jirani na maoni makali kuhusu familia ya bwana harusi. Ya tatu ni bei ya saruji na fundi aliyekula hela. Halafu, sauti ikishuka: "Halafu dada, jana nimechomwa ile sindano ya mafua, bega tangu usiku halinyanyuki, nimevaa nguo kwa mkono mmoja kama mtoto." Kisha anarudi kwa fundi.

Bega. Jana. Usiku. Alikuwa anazungumza na ndugu yake, hakuwa na sababu ya kusema mkono wala juzi.

Nilipaswa kutafsiri zote nne. Huwezi kuipelekea mahakama sekunde kumi na tano na kuiambia nyingine ni siri za familia. Kwa hiyo katika jalada moja Washington kuna maelezo kamili, kwa Kiingereza changu bora kabisa, ya jinsi mama wa bwana harusi mmoja wa Ngamiani alivyopokea mahari. Jalada lenyewe halisomwi na umma, ila uamuzi hutangazwa na jina la mdai likiwemo. Anapewa siku 14 kuomba mambo yake ya faragha yafichwe. Shangazi aliuliza kama mahari imo kwenye uamuzi. Haimo. "Basi jina waache, sikuiba."

Rafiki yake wa kazini alipata shida kama hiyo 2021, ila yake ilikuwa sindano ya korona. Hiyo haimo katika mahakama hii. Ina mpango wake mwingine, muda wa kudai ni mwaka mmoja tu, wakili halipwi na mpango, na maumivu yenyewe hayana bei. Alikuja jikoni kwa shangazi na karatasi zake, mwaka ukiwa umeshapita. Tulimpa chai.

Majira ya baridi ya 2023 wakili alipiga simu kusema serikali iko tayari kuyamaliza. Kiasi sitakitaja kwa sababu nimekatazwa. Kinatosha kumaliza nyumba aliyoianza Tanga na fundi yule kufukuzwa. Nikaletewa hati ya makubaliano niitafsiri kabla hajasaini.

Aya ya kwanza jina lake, ya pili chanjo, ya tatu tarehe. Nikafika kwenye aya inayosema kwamba Waziri anakana kwamba mdai alipata madhara yaliyomo kwenye jedwali, na anakana kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha hali ya bega lake. Aya inayofuata: pamoja na hayo, pande zote mbili zinakubali mdai alipwe. Wakili aliniambia ndivyo hati hizi zinavyoandikwa pande zikielewana bila jaji kuamua, kwamba serikali hailipi kwa kukiri.

Nilisoma kwa sauti. Shangazi alikuwa anachambua mchele.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Anakana, halafu analipa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Pole hakuna humo?"

Nikapekua, ingawa nilijua. Kiingereza kina neno ambalo watu hulitafsiri *pole*, lakini ukilisema mbele ya wakili linageuka kukiri kosa, kwa hiyo hawalisemi. Pole yetu haikiri chochote. Mtu akijikwaa barabarani unampa pole na hukuliweka wewe lile jiwe. Nilimweleza hivyo. Akaendelea kuchambua mchele, akatoa chenga mbili, akazitupa.

"Hilo *anakana* libadilishe," akasema. "Kukana ni kwa mtu aliyekuwepo, anajua, halafu anasema hakuwepo. Huyu waziri hakuwepo. Andika *hakubali*."

Nikamwambia kisheria *anakana* liko karibu zaidi, na kwamba tafsiri hii ni ya kumsomea yeye tu. Hati yenyewe itabaki na Kiingereza chake.

"Kama ni ya kunisomea mimi, basi andika ninavyoelewa mimi."

Nikaandika *hakubali*. Akapangusa mikono kwenye kanga, akachukua kalamu, akaniuliza asaini wapi.